Piga hesabu ya kaplingi kabla ya shafti

Shafti ya chuma ya mm 50, urefu mm 600: ugumu wake dhidi ya kusokotwa ni k = πGd⁴/32L (d ni kipenyo, L urefu, G ugumu wa chuma chenyewe), na kwa G ya GPa 80 ni takriban Nm 81,800 kwa radiani. Kaplingi (kiungo cha shafti) ya mpira yenye ugumu wa 10,000 ikikaa kati ya injini na pampu, 1/k = 1/81,800 + 1/10,000, yaani 8,900 tu! Inersia (ukinzani wa kubadilishiwa mzunguko) za pande mbili, 2 na 0.5 kg·m², huzaa I ya 0.4 (zizidishe, gawa kwa jumla yake). Masafa asilia ya mtetemo wa kusokota ni f = √(k/I)/2π, karibu Hz 24 (mitetemo 24 kwa sekunde).

Dizeli ya silinda 4, mipigo minne, hulipua mara 2 kila mzunguko. Ikiachwa bila mzigo kwenye mizunguko 715 kwa dakika, milipuko inaangukia Hz 24 hizohizo, mtetemo unakua na mpira unaweza kuchanika. Wengi hukagua mizunguko 1,500 pekee. Kaplingi ya 5,000 hushusha f hadi Hz 17, mradi ibebe torki (nguvu ya kusokota) ya injini.