Dawa ya pua: jinsi ya kupuliza bila kutoka damu

Juzijuzi shemeji kaja nyumbani na leso ina madoa ya damu, ananiambia shem hii dawa ya aleji inanichana pua bora niache. Nikamwambia hebu puliza nikuone. Kashika chupa mkono wa kulia, kaingiza tundu la kulia, kaelekeza juu utadhani anataka kufika kwenye ubongo, akabonyeza, akavuta kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka. Nikacheka, maana mimi mwenyewe nilifanya hivyohivyo karibu miezi 8, na mimi ndo muuza dawa jamani.

Naongelea zile za steroidi (za kutuliza uvimbe ndani ya pua), flutikasoni, mometasoni, beklometasoni, za kutumia kila siku.

Hatua ya 1: Penga kamasi, tundu moja moja. Kama umeshinda kwenye vumbi, osha kwanza na maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Sio ya bomba moja kwa moja, hata kama bomba lenu mnaliamini. Subiri kama dakika 10.

Hatua ya 2: Tikisa. Chupa mpya ibonyeze hewani mpaka itoe ukungu.

Hatua ya 3: Inamisha kichwa mbele kidogo, angalia vidole vyako vya miguu. Watu wengi wanaangalia dari kwa sababu pua kwa nje imepanda juu, basi wanadhani na njia ya ndani inapanda. Haipandi, inaenda nyuma. Gusa kaakaa kwa ulimi, hapo juu yake ndo sakafu ya pua. Waliopimwa korona wanakumbuka kile kijiti, kilienda nyuma mpaka karibu na koo, sio juu. Ukiinua kichwa dawa yote inateremka kooni unaimeza.

Hatua ya 4: Mkono wa kulia tundu la kushoto, mkono wa kushoto tundu la kulia. Hapa ndo mimi nilipoteza miezi yangu, kwa hiyo nivumilie. Katikati ya pua kuna ukuta, kwa mbele ni gegedu (libane kwa vidole utalisikia linavyocheza), na juu ya hilo gegedu kuna utando mwembamba sana ambao mishipa kadhaa ya damu inakutana, madaktari wanapaita kwa jina la Mjerumani Kiesselbach. Damu nyingi za pua zinatokea hapo hapo. Sasa ukitumia mkono wa upande uleule, ncha ya chupa inageukia ukuta wenyewe, kila siku unapiga palepale, panakauka, panaweka gaga, unalibandua kwa kidole (usikatae), damu hiyo. Halafu dawa haina kazi kwenye ule ukuta! Kazi iko ukuta wa pembeni, wenye rafu tatu za mfupa zilizovikwa nyama. Ya chini ndo kubwa na ikivimba ndo unasema pua imeziba. Chini ya ile ya kati sainasi nyingi (vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso) zinamwaga uchafu wake, na chini ya ile ya chini kabisa linatokea bomba la machozi, ndo maana ukilia kamasi nazo zinatoka. Kwa hiyo lenga kwenye kona ya nje ya jicho la upande huohuo. Usizamishe ncha, iingie kidogo tu. Mtoto mpulizie wewe, ila angalia ncha isimlenge katikati. Na kama damu imeshaanza, usiinue kichwa, inama mbele, bana ile sehemu laini ya pua (sio mfupa) dakika 10 mpaka 15 bila kuchungulia chungulia. Pumzisha dawa, paka vaselini kidogo, na ikiwa inajirudia rudia nenda ukaangaliwe ndani.

Hatua ya 5: Bonyeza huku unavuta pumzi polepole, kama mtu anayenusa pilau la jirani na hataki ajulikane. Ukisikia ladha chungu ya dawa kooni umevuta sana.

Hatua ya 6: Futa ncha, funga.

Usitegemee kitu siku ya kwanza, inachukua siku kadhaa, wengine hata wiki 2. Ndo maana watu wanakimbilia zile za kuzibua haraka, zenye zailometazolini, dakika chache tu pua wazi. Mimi mteja akiniomba hiyo namuuliza ameanza lini, maana ukipitisha siku 5 pua inaanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe, unarudi dukani kununua nyingine.

Shemeji anaingia wiki ya pili, damu imekata. Ila mkono wa kulia bado unamvuta kwenye tundu la kulia, nikambandikia plasta kwenye kioo cha bafuni imeandikwa "KUSHOTO".