Mkia Ukitetemeka: Kukagua na Kutengeneza Gurudumu la Nyuma la Ndege Ndogo

Ndege ya gurudumu la mkia, mfano Piper Super Cub, inagusa lami vizuri, kisha mkia unaanza kutetemeka mpaka pedali zinagonga nyayo za rubani. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kuagiza gurudumu jipya. Ngoja kwanza. Mara nyingi ubovu uko kwenye springi iliyobeba gurudumu, na huo unaonekana kabla hujashika spana.

Kazi hii isainiwe na fundi mwenye leseni, na vipimo vya toki (nguvu ya kukazia nati) na upepo wa tairi vitoke kwenye kitabu cha ndege yako, si kichwani mwa mtu.

1. Tazama kabla ya kuinua

Egesha ndege kwenye sakafu tambarare, ikiwa na uzito wake wa kawaida. Chuchumaa ubavuni mwa mkia uangalie kingpini, ule mhimili ambao kichwa cha gurudumu huzungukia. Uwe wima, au sehemu yake ya juu ilalie nyuma kidogo. Ukikuta juu kumelalia mbele, umeshampata mwizi: springi imechoka, upinde wake umenyooka. Chora kwa macho mstari unaofuata mhimili huo hadi chini. Unatakiwa uguse ardhi mbele ya pale tairi linapokanyaga, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo inayolifanya gurudumu lijivute nyuma lenyewe na kutulia. Ikipungua, litayumba hata ukifunga nati mpaka zilie.

Hapa Mombasa springi ya majani, yaani ya bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, ina adui mwingine. Unyevu wa chumvi huingia katikati ya majani na kukaa humo. Juu rangi inang'aa, ndani kutu inatafuna. Legeza, tenganisha majani, sugua, kisha pitisha tochi polepole kuzunguka matundu ya bolti. Nyufa hupenda kuanzia hapo. Jani lenye ufa halichomelewi. Linatupwa.

2. Inua mkia

Zima swichi za magneto (zinazotoa cheche za injini) na uweke vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu makubwa. Inua pale kitabu kinaporuhusu, uegemeze kwenye stendi yenye godoro, na usipandishe juu kupita kiasi, maana propela iko mbele inasubiri kugonga sakafu.

3. Tikisa

Shika tairi, lisukume kushoto na kulia, juu na chini. Mchezo, yaani kulegea, ukiwa kwenye ekseli, shuku beringi. Ukiwa juu zaidi, bushi (vibomba vinavyoshika kingpini) zimelika. Zungusha gurudumu kwa mkono: sauti ya mchanga husikika hata pasipo kulifungua.

4. Fungua gurudumu

Kama rimu ni ya vipande viwili, toa upepo wote kwanza, kisha ndipo uguse bolti za kuviunganisha. Rimu iliyofunguliwa na upepo ndani hurushwa kwa nguvu ya kuua. Hapa sina mzaha.

Osha beringi kwa mafuta safi ya kusafishia na uzikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Usizizungushe kwa hewa ya kompresa, hata kama mlio wake unakufurahisha. Ukiona vishimo, kutu au rangi ya bluu ya joto, badilisha beringi pamoja na kikombe chake, ile pete ya nje inamokaa. Nzima zijaze grisi mpaka itokeze upande wa pili. Wakati wa kurudisha, kaza nati huku ukizungusha gurudumu, kisha ilegeze hadi tundu la kwanza linalopitisha pini. Pini iwe mpya kila mara. Ya zamani haina bei ya kukufanya uihurumie.

5. Kichwa na kufuli

Gurudumu la aina ya kujifungua, yaani linaloweza kuachia usukani na kuzunguka huru, huwa na ulimi mdogo wa chuma unaoingia kwenye pengo, ili pedali ziliongoze. Zungusha hadi liachie, kisha lirudishe katikati: lazima ulimi ushike wenyewe, na usikie mlio. Kingo za ulimi zikiwa zimeviringika, gurudumu litaachia katikati ya njia ya kurukia na mkia utataka kwenda mbele ya pua. Usipige tupa kingo hizo. Nunua ulimi na springi yake. Kama kichwa chako kina visahani vya msuguano, usivipake grisi bila ruhusa ya kitabu, kwani msuguano wao ndio unaozuia mtetemo.

6. Minyororo ya usukani

Kwenye minyororo inayounganisha usukani wa mkia na gurudumu, kagua ndoano zilizolika na springi zilizofunguka. Kushoto na kulia vilingane kwa mkazo ulioandikwa kitabuni. Mnyororo uliokazwa mno humfanya rubani apigane na upepo wa kusi pamoja na mkia wake.

7. Jaribu

Shusha mkia, rudia kutazama ile pembe ya hatua ya kwanza, kisha endesha ndege polepole chini, ukikata kona pande zote mbili. Andika kwenye kitabu cha kumbukumbu.

Ukitua viwanja vya mchanga au changarawe za matumbawe, osha gurudumu siku hiyohiyo kwa maji ya mfereji yasiyo na chumvi. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, kwa hivyo yaonje kwanza. Baada ya kuosha, piga grisi mpya kwenye nipo (kichuchu cha kuingizia grisi) hadi iliyo chafu itoke, na ufute inayobaki nje isinase mchanga.