Namna ya kuitazama neutrofili ikimeza fangasi

Kinga ya asili hufundishwa sana kwa michoro, na ni hasara, kwa sababu kazi yake inaonekana vizuri tu kwenye darubini. Zoezi hili linaonyesha pia kwamba neutrofili, chembe nyeupe ya damu inayomeza vimelea, haiwindi peke yake: seramu, maji yanayobaki damu ikishaganda, humtia fangasi alama kwanza. Vaa glavu muda wote.

1. Chemsha hamira ya mikate dakika 30, kisha ioshe mara mbili. Moto huiua na kufichua beta-glukani, sukari ya ukuta wa seli yake, ambayo kwenye hamira hai hufunikwa na tabaka la manani, sukari nyingine ya ukuta huo.

2. Chukua damu kwenye mirija miwili: mmoja una heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mwingine hauna dawa yoyote. Usitumie EDTA, kizuia-kuganda kingine: hunasa kalsiamu na magnesiamu, na bila madini hayo komplementi, yaani protini za damu zinazotia vimelea alama, haifanyi kazi.

3. Damu isiyo na dawa ikishaganda, izungushe kwenye sentrifuji, uchote seramu na kuigawa. Nusu iweke kwenye barafu. Nusu ya pili ipashe nyuzi 56 kwa dakika 30: komplementi inakufa, kingamwili zinabaki.

4. Zungusha mrija wa heparini, uchote utando mweupe wenye neutrofili, ulio kati ya plazima (maji ya damu isiyoganda) na seli nyekundu. Uoshe mara mbili kwa maji ya Hanks (maji ya chumvi ya kuhifadhi seli). Hapa wengi huharakisha, halafu plazima iliyobaki inaingiza komplementi kwenye mirija yote na ulinganisho wote unaharibika.

5. Kwa kila neutrofili weka hamira 5 hadi 10. Mrija mmoja utie seramu mbichi, mwingine iliyopashwa, seramu iwe asilimia 10 ya mchanganyiko. Nyuzi 37, dakika 30, ukitikisa taratibu.

6. Paka slaidi, gandisha kwa methanoli, tia rangi ya Giemsa, tazama kwa lenzi ya mafuta. Kagua neutrofili 100, uhesabu hamira zilizomezwa. Hamira iliyomezwa imezungukwa na uwazi mwembamba, na mara nyingi kiini cha seli kimesukumwa pembeni. Iliyonata ukingoni usiihesabu.

Mrija wa seramu mbichi utashinda waziwazi. Ule mwingine hautakuwa sifuri, na si kosa lako: kipokezi cha Dectin-1 hushika beta-glukani moja kwa moja, na kingamwili nazo husaidia.

Ukitaka kuona silaha yenyewe, andaa mrija wa tatu wenye NBT, rangi ya manjano inayogeuka buluu nzito pale seli inapotoa superoksidi, kemikali kali ya kuulia vimelea. Neutrofili za mgonjwa wa granuloma sugu ya kurithi humeza kama kawaida lakini hazigeuki buluu, ndiyo maana fangasi Aspergillus humwandama.