Kinoo cha wembe wa kukunja: kipi ununue, na ukianzeje

Wembe wangu wa kwanza wa kukunja, wa Solingen, Ujerumani, niliupata mitumbani ukiwa na makali mazuri tu. Baada ya miezi mitatu ukaanza kuvuta ndevu badala ya kuzikata. Nikaushika nikausugua kwenye kinoo cha visu vya jikoni, kile cha kijivu chenye upande wa chenga na upande laini, kwa nguvu ileile ya kunoa panga. Nikapata msumeno. Kuurudisha kulinila jioni nne, ndiyo maana naandika haya.

Hatua ya 1: Uchunguze wembe kwanza

Pitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi mara 50, mgongo ukitangulia, kwenda na kurudi. Ukirudi kukata, funga pochi, huhitaji kinoo leo.

Ukiwa bado mzito, uinue chini ya taa, makali yakikutazama. Makali mazima hayaonekani. Ukiona kijistari cheupe kinachong'aa, hapo pamelala. Ukiona vidoa vinavyomeremeta, hapo pamemeguka. Uliomeguka unahitaji kazi ya vinoo kadhaa, na kama ni mara yako ya kwanza, mpe mzoefu akufanyie. Uliochoka tu unahitaji kinoo kimoja. Wengi wetu tulinunua vitatu.

Hatua ya 2: Chagua namba

Vinoo huitwa kwa namba kama msasa: namba ikipanda, chembe zinakuwa ndogo. Namba 1000, yenye chembe za mikroni 14 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), huunda makali upya. 4000 na 5000 hufuta mikwaruzo ya 1000. Kwenye 8000 wembe unaanza kunyoa, na 12000 unanyoa bila kuwasha ngozi.

Kwa kutunza wembe ambao tayari unanyoa, nunua kimoja cha 12000. Naniwa, kiwanda cha Kijapani, wana kizuri. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu na wembe wako una historia ya kutelekezwa, chukua cha kiwanda cha Norton chenye pande mbili, 4000 na 8000. Ila usilinganishe namba za viwanda tofauti kana kwamba ni kilo: 8000 ya Norton ina chembe za mikroni 3 hivi, ilhali 8000 za Kijapani kwa kawaida ni ndogo zaidi.

Halafu kuna mawe ya asili. Coticule ya Ubelgiji, jiwe la manjano kutoka milima ya Ardennes, hunoa kwa chembe za garneti, madini magumu, na hutoa makali matamu sana usoni. Mimi ninalo na ninalipenda. Lakini kila kipande kina tabia yake, na anayeanza hawezi kujua kama kosa ni la jiwe au la mkono wake. Lisubiri.

Ukikutana mitumbani na kile kinoo kidogo cha vinyozi wa zamani, kinachoenea kiganjani, na hakina ufa, usibishane sana bei.

Hatua ya 3: Angalia upana

Makali ya wembe yana urefu wa sentimita 7 na ushee. Kinoo cha upana wa 7 na urefu wa 20 kinatosha. Chembamba nacho kinafanya kazi, ila itabidi uvute wembe kimshazari ili kisigino (mwisho wa makali upande wa mpini) hadi ncha vyote vipite juu ya jiwe.

Hatua ya 4: Kisawazishe, hata kikiwa kipya

Watu huruka hapa, kisha wanalaumu jiwe. Kisu unakishikia pembe kwa mkono. Wembe unalala, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja, na pembe inatokana na unene wa mgongo. Kwa hiyo jiwe likibonyea katikati, litagusa kisigino na ncha tu.

Chora miraba ya penseli juu ya kinoo kizima. Weka msasa wa maji namba 320 juu ya kioo kinene, mwagia maji, sugua kinoo mpaka mistari yote ifutike. Chora tena, rudia. Mwishoni lainisha kingo za jiwe kidogo, maana kona kali humega wembe.

Hatua ya 5: Noa

Soma maelezo ya kinoo kuhusu maji. Vingine hulowekwa mpaka viache kutoa mapovu; vya Naniwa Super Stone vinyunyizie tu, usiviloweke.

Laza wembe, makali yakitangulia, uzito wa wembe wenyewe uwe ndiyo nguvu yote. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Safari 15 hadi 20 za kwenda na kurudi zinatosha. Tazama maji: yakianza kupanda juu ya bapa la wembe kwa urefu wote badala ya kusukumwa mbele, makali yameshika jiwe. Yakipanda sehemu moja tu, rudi hatua ya 4.

Futa, kisha mkanda wa ngozi mara 50, hapa tena mgongo ukitangulia. Jaribu kwa vinyweleo vya mkono. Kidole gumba kiache.

Kinoo kikaushe kivulini, kwani juani hupasuka. Na kama unaishi Tanga, Mombasa au popote penye upepo wa chumvi, pakaza wembe tone la mafuta ya cherehani kabla ya kuukunja.