Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kuvua kwa mnyoo wa mpira, Lamu

Kabla ya kununua mnyoo, yaani chambo cha bandia, tazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukipevuka, maji huwa ya bamvua: hujaa sana, hupwa sana, na mkondo huvuta hata chubwi nzito, ile risasi ya kuzamisha mshipi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo hulegea na mnyoo mwepesi hufika chini ukacheza. Mimi hupenda siku za katikati, nikaingia muda wa saa mbili kabla maji hayajajaa. Ukienda Takwa, kisiwani Manda, hesabu hiyo si ya hiari, maana mkono ule wa bahari wa mikokoni hupitika maji yakiwa juu tu. Niliwahi kunogewa na changu wawili, nikageuka nikakuta dau limekaa topeni. Nilisubiri maji mapya hadi usiku, mbu wakinila. Na kumbuka kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi, basi usiende kwa hesabu ya juzi.

Mnyoo wenyewe aliutengeneza Nick Creme, huko Akron, Ohio, mwaka 1949. Marekani huuvulia besi wa mitoni, samaki wa kujificha penye mawe na magogo. Huku besi hatuna, ila chewa ana tabia iyo hiyo: hujibanza kwenye mizizi ya mikoko akivizia. Mizizi hiyo ina chaza, na nailoni nyembamba ikiwagusa tu imekwisha. Funga nailoni nene, dhiraa moja hivi, kabla ya ndoana.

Ndoana nayo ifiche isinase mizizini. Choma ncha kichwani mwa mnyoo, itokeze ubavuni baada ya kama nusu inchi, vuta mpaka jicho la ndoana lizame kichwani, igeuze, kisha irudishe ncha mwilini pale inapoangukia yenyewe. Chubwi iwe ya tundu, umbo la risasi, ikae mbele. Halafu ning'iniza utazame. Mnyoo ukiwa umejikunja, toa uanze upya, kwani majini utazunguka na kuusokota mshipi wote. Fungia nyumbani mitatu minne. Dauni, likiyumba, vidole havitii.

Rangi watu huibishania mno. Maji ya tope, rangi nyeusi. Maji maangavu, rangi ya kamba wa baharini. Basi.

Mzee mmoja wa kijiji cha Matondoni aliunusa wangu akaniambia, "Mwanangu, huu hata paka hali." Tangu siku ile nabeba na ngisi kidogo, na sioni haya: kukiwa kimya, namchomeka kipande kwenye ndoana.

Minyoo ibaki kwenye mifuko yake. Ya aina mbalimbali ukiichanganya hutiana rangi, na mingine huyeyusha hata boksi la plastiki. Isikae juani. Iliyochanika rudi nayo mjini; kasa hajui kuwa ni mpira.

Leseni ya kuvua ulizia mapema, pamoja na BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, ya pale unapokwenda. Kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, mlangoni mwa bahari usiende na chombo kidogo. Vaa boya, beba maji ya kunywa, mwambie mtu saa ya kurudi. Na koleo ya kutolea ndoana iwe mfukoni, si chini ya mbao za dau: chewa humeza mnyoo mpaka kooni.