Somo: Kutoka kamera ya jeshi hadi ajira ya kiraia, hatua kwa mpiga video anayekaribia kuvua sare

Somo hili linawalenga wazungumzaji wa Kiswahili wanaotumikia majeshi ya Marekani wakiwa wapiga picha na wahariri wa video. Baadhi yetu tuliingia jeshini tukiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, tukapelekwa Fort Meade, Maryland, kusomea kazi hiyo katika chuo cha habari cha Wizara ya Ulinzi kinachojulikana kama DINFOS, kisha tukaitumikia kamera kwenye mazoezi, melini, viwanjani na katika hafla za kukabidhiana madaraka. Sasa ninafanya kazi upande wa pili, ambako ninapitia maombi ya wapiga video wanaotafuta kazi za kiraia, na linaloniuma ni kuona askari wenye ujuzi mkubwa wakikosa nafasi kwa sababu wameonyesha helikopta wakaficha ujuzi wenyewe. Mwajiri wa kiraia anatafuta mtu anayeweza kumketisha mgeni mbele ya kamera akazungumza kwa utulivu, akamaliza kazi kwa wakati, na akajua kila picha ilitoka wapi. Mambo hayo yote jeshi limekwisha kukufundisha.

Hatua ya 1: Kusanya kazi zako ukiwa bado na kitambulisho

Siku unaporudisha kadi inayokuingiza kwenye kompyuta za jeshi, seva za kitengo chako zinakuwa zimefungwa kwako. Anza angalau mwaka mmoja kabla kuorodhesha kila kazi yako iliyoidhinishwa kutolewa kwa umma. Nyingi utazikuta kwenye DVIDS, mfumo wa Wizara ya Ulinzi unaosambaza picha na video za majeshi yote, ambao hata raia wa kawaida anaweza kuupekua. Pakua faili yenye ubora wa juu kabisa pamoja na maelezo yake yote, wala usitegemee kwamba kiungo ulichohifadhi leo kitafunguka miaka mitatu ijayo.

Usiipuuze namba ya utambulisho iitwayo VIRIN. Tuseme video yako ina namba 230614-A-AB123-1001. Tarakimu sita za mwanzo zinaonyesha tarehe 14 Juni 2023. Herufi A inaonyesha Jeshi la Nchi Kavu. Sehemu ya tatu inamtambulisha aliyepiga. Na ya mwisho ni namba ya mfuatano. Askari wengi huiona kama karaha ya makaratasi, lakini mtu aliyezoea kuipa kila picha namba ya aina hiyo, pamoja na maelezo ya nani, nini, wapi na lini, amefanya kazi ya utunzaji wa hifadhi za kidijitali ambayo vyuo vikuu, makumbusho, hospitali kubwa na timu za michezo huilipia mshahara. Iandike katika wasifu wako.

Kuhusu hakimiliki, kazi uliyoifanya ukiwa askari kama sehemu ya majukumu yako rasmi haina hakimiliki ndani ya Marekani, kwa mujibu wa kifungu cha 105 cha sheria ya hakimiliki. Unaweza kuionyesha, lakini huwezi kumuuzia mtu haki ya kuitumia peke yake, na muziki uliowekwa ndani yake unaweza kuwa na mwenyewe. Aidha, Wizara hutaka liwekwe tamko kwamba kuonekana kwa picha zake hakumaanishi kuwa inaidhinisha bidhaa au huduma yoyote. Weka tamko hilo kwenye tovuti yako bila kusubiri kukumbushwa.

Hatua ya 2: Chagua mlango utakaobisha

Anayeomba kila kazi yenye neno video hupata tabu, kwa sababu milango hii haifanani. Upo mlango wa video za taasisi, yaani hospitali, vyuo, kampuni na mashirika yasiyo ya kiserikali, na huu ndio ulio karibu zaidi na kazi ya ofisi ya habari ya jeshi: mahojiano, matukio, na viongozi wenye dakika kumi tu. Upo mlango wa vituo vya televisheni vya mikoani, ambako kasi ya jeshi inathaminiwa lakini mshahara wa mwanzo huwa mdogo. Filamu na tamthilia ni mlango mgumu, kwa kuwa kazi nyingi hupitia vyama vya wafanyakazi kama IATSE, na mtu huanzia chini hata kama alikuwa sajenti.

Ningependa mlango mmoja usiojulikana sana uangaliwe kwa makini, nao ni upigaji video wa kisheria. Wakili anapomhoji shahidi kabla ya kesi, mahojiano hayo mara nyingi hurekodiwa kwa video, na mpiga video anatakiwa kutangaza saa ya kuanza na ya kukatiza, kulinda sauti isipotee hata sekunde moja, na kukabidhi nakala isiyoguswa. Hakuna anayetaka ubunifu wako hapo. Wanataka uaminifu na utaratibu. Chama cha waandishi wa mahakama, NCRA, hutoa cheti cha kazi hii kiitwacho CLVS, na askari aliyezoea kufuata taratibu bila kuruka hatua ana nafasi nzuri ya kufaulu.

Hatua ya 3: Tengeneza video ya mifano ya kazi

Hapa ndipo wengi hupoteza nafasi. Video ninazoletewa huanza karibu zote kwa namna moja: helikopta inatua machweo, vumbi linatimka, buti zinapita polepole, risasi zinalia sambamba na ngoma nzito. Dakika mbili zinakwisha na sijasikia sauti ya binadamu hata mmoja. Nabaki sijui kama mwombaji anaweza kuvalisha maikrofoni ya kwenye kola bila nguo kusugua, wala kama anaweza kumwangazia mwenye miwani bila taa kuonekana kwenye vioo.

Video yako isizidi sekunde 90. Ianze na uso wa mtu anayesema jambo lenye uzito, sauti yake ikiwa safi, kisha uiache sauti hiyo iendelee huku tukiona anachokisimulia: mikono ya muuguzi wa jeshi ikifunga bandeji, fundi akikaza nati chini ya gari, mtoto akimkimbilia mzazi wake uwanja wa ndege. Mchanganyiko huo wa mahojiano na picha za kujazia ndio kazi ya kila siku huku uraiani. Silaha ziwe chache, nazo ziwepo pale tu zinapobeba kisa. Chini ya kila kipande andika ulichofanya wewe binafsi: ulipiga, ulihariri, ulirekodi sauti au uliongoza. Kazi ya jeshi hufanywa na timu, na kudai kipande cha mwenzako ni jambo linalogundulika upesi kuliko unavyodhani.

Ukikosa mahojiano mazuri katika kazi za jeshi, rekodi mapya. Mfuate fundi cherehani, mwenye mgahawa au mchungaji wa kanisa lako, umwombe saa mbili, utengeneze kisa cha dakika mbili. Visa viwili vya namna hiyo vitanishawishi kuliko mwaka mzima wa gwaride.

Hatua ya 4: Andika wasifu kwa lugha ya raia

Msimamizi wa ajira hajui 46V, namba ya kazi ya picha na video katika Jeshi la Nchi Kavu, ni nini, wala MC, kazi ya habari na picha katika Jeshi la Majini. Badala ya kuandika kwamba ulikuwa NCOIC, yaani sajenti msimamizi, wa sehemu ya picha za kikosi, andika kwamba ulisimamia timu ya wapiga video, ukapanga ratiba yao, ukakagua kazi kabla haijatolewa, na ukatunza vifaa vya thamani fulani bila upotevu. Taja programu unazozimudu kwa majina yake, kama Premiere Pro na DaVinci Resolve. Kama kibali chako cha usalama bado ni hai, kitaje kiwango chake, kwa kuwa kampuni zenye mikataba ya ulinzi, hasa za Maryland na Virginia, hukitafuta.

Hatua ya 5: Tumia haki zako kabla muda haujapita

Mpango wa TAP, unaomwandaa askari kurudi uraiani, unapaswa kuanza si chini ya siku 365 kabla ya kutoka. SkillBridge hukuruhusu kufanya kazi kwa mwajiri wa kiraia katika siku zisizozidi 180 za mwisho, huku mshahara ukiendelea kulipwa na jeshi, lakini ni lazima kamanda aridhie, na kila jeshi lina masharti yake. Anayetaka kurusha droni kibiashara anahitaji cheti cha Part 107 kutoka FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, hata kama alirusha droni jeshini: mtihani una maswali 60, na alama ya kufaulu ni asilimia 70.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Kazi zangu bora kuliko zote hazijawahi kutolewa kwa umma. Je, naweza kumwonyesha mwajiri faraghani, kwenye simu yangu tu?*

Marahaba, kijana wangu. Hapana. Kumwonyesha mtu mmoja faraghani ni kutoa pia, na mwajiri makini atajiuliza utazifanyia nini siri zake. Iombe ofisi ya habari ya kitengo chako ipitie video hizo, baadhi huruhusiwa. Zikikataliwa, eleza kazi kwa maneno ya jumla yasiyotaja mahali wala operesheni, kisha onyesha kazi mpya.

*Nina haki ya GI Bill, mafao ya masomo ya waliotumikia jeshi. Je, niende chuo, kaka, au niingie kazini moja kwa moja?*

Dada, inategemea mlango uliouchagua. GI Bill ya baada ya 9/11 inatoa hadi miezi 36 ya masomo pamoja na posho ya nyumba, na kwa waliotoka jeshini tangu 1 Januari 2013 haina tarehe ya kuisha. Kwa hiyo huna sababu ya kuitumia kwa pupa. Taasisi nyingi hudai shahada kwa vyeo vya juu, lakini chumba cha uhariri hudai kazi uliyokwisha kuifanya. Ukipata kazi nzuri, ishike, usome baadaye; ila ujue kwamba anayesoma kwa mtandao pekee hupata posho ndogo ya nyumba.

*Bado sijapata uraia. Je, kazi za video za serikali kuu, zile za kundi la 1071 la utayarishaji wa picha na sauti, zinanihusu?*

Kwa kawaida hutakiwa raia, nawe unaweza kuomba uraia kwa njia ya utumishi wako. Maliza jambo hilo ukiwa ungali na sare, kwa sababu fomu ya kuthibitisha utumishi, N-426, hutiwa saini na wakubwa wako walio karibu nawe sasa. Ukishakuwa raia, upendeleo wa pointi kwa askari waliotoka kwa heshima unaweza kukuhesabia ukitimiza masharti yake.

*Ndugu na jamaa wananiita nipige harusi na sendofu zao, nao hutegemea nifanye bure. Nianzeje kutoza, mkuu?*

Andika bei kwenye karatasi kabla hujaguswa na ombi la kwanza, kisha mpe kila mtu karatasi ile ile, awe shangazi au mgeni. Kwa aliye wa damu unaweza kuandika punguzo, lakini liandike kama punguzo, ili aione bei kamili. Pokea nusu ya malipo tarehe inapowekwa, na mkataba utaje saa za kazi, siku ya kukabidhi video na idadi ya marekebisho. Kumbi nyingi pia hudai cheti cha bima ya dhima kabla ya kukuruhusu kuingiza stendi na taa, hivyo gharama hiyo iwemo ndani ya bei yako.