Dawa za kibofu kinachobana ovyo: zinavyofanya kazi na namna ya kuzitumia

Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 500 hivi, na msuli wake hutakiwa utulie mpaka ufike chooni. Msuli huo ukijikaza kabla ya wakati, mtu hubanwa ghafla hata mkojo ukiwa kidogo.

Kwanza pimwa mkojo na sukari, maana uambukizo na kisukari huleta dalili zizo hizo. Kisha kwa siku 3 andika kila unapokwenda haja ndogo, saa ngapi na mililita ngapi, ukipima kwa jagi lenye alama. Bila daftari hilo ni vigumu kujua kama dawa inasaidia.

Oksibutinini na solifenasini hukalia vipokezi vya msuli, ile amri ya neva ya kujikaza isipokelewe. Tabu ni kwamba vipokezi vya aina hiyo viko pia kwenye tezi za mate, utumbo, macho na tezi za jasho. Kwa hiyo kinywa hukauka, choo hufunga, macho huona ukungu. Jasho nalo likipungua, mwili haupoi. Katika joto la kaskazi hapa Lamu, kaa kivulini adhuhuri. Papai na mboga husaidia choo. Dawa za mafua zenye klorofeniramini huzidisha ukavu huo, na wazee huweza kuchanganyikiwa, basi mwambie mfamasia unachomeza.

Solifenasini huanzwa kwa mg 5 mara moja kwa siku, hivyo mwezi wa Ramadhani yaweza kumezwa baada ya futari. Kidonge cha kuyeyuka polepole usikivunje wala kukisaga: dozi nzima itaachiliwa kwa mpigo.

Mirabegroni hupita njia nyingine, huulegeza msuli kibofu kinapojaa. Haikaushi sana kinywa, ila hupandisha presha. Ikiwa 180/110 au zaidi, isitumiwe.

Wengi huacha baada ya wiki moja wakidhani dawa haifai, kumbe nafuu kamili huhitaji wiki 4 hadi 8. Usijiongezee dozi. Punguza kahawa tungu ya jioni, kwani kafeini hukichokoza kibofu.

Mwenye glaukoma (presha ya macho) au tezi dume iliyovimba amwambie daktari kabla ya kuanza. Mkojo ukikataa kutoka kabisa au jicho likiuma ghafla, usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali mara moja.